Aliyemjazia Mtawa Kibuyu

Raiya,

Huna adabu. Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo nimeshakwambia mara mbili, na mara zote mbili umenigeuzia mgongo ukaenda kukunja nguo. Umekunja kila kitu, hata soksi umezipanga rangi kwa rangi, na baba yako mzazi mwezi na nusu huu hujampa hata shikamoo. Unampita ukumbini kama unalipita kabati. Na leo asubuhi, kabla sijatoka, nimekusikia kwa masikio yangu unampigia mjomba wako Khalfan atoke Nizwa kesho aje hapa Ibra akuchukue, akupeleke Maskati uwanja wa ndege, ati kwa kuwa gari ya baba yako "ina matatizo". Gari ile haina matatizo. Imekupeleka skuli na kukurudisha miaka kumi na mbili, na wewe ukilala kiti cha nyuma mdomo wazi. Mwenye matatizo ni wewe.

Sikuandikii habari za makoti wala za chakula. Japani kuna baridi, unajua. Samaki mbichi watakupa, ukitaka utakula, hutaki utaacha. Hayo atakwambia shangazi yako, yeye hupenda kumwambia mtu mambo anayoyajua. Mimi nina jambo moja, na n'talisema lote hapa, kwa mkono huu ulioishia darasa la nne Unguja. Kama maandishi yangu yanapanda na kushuka, na wewe panda ushuke nayo.

Unasema baba yako amekutia aibu. Haya, tuifunue hiyo aibu tuitazame.

Miaka kumi na moja baba yako ameadhini msikiti wa mtaa wetu, huu ambao ukuta wake unagusana na ukuta wa jikoni kwangu. Na si jambo dogo kukubaliwa, maana sisi kwao ni Wazinjibari, watu wa Unguja, mpaka leo. Nimekaa hapa miaka hamsini, nimezaa hapa, nimezika hapa, na bado mtu ananiuliza sokoni, "Asili yenu wapi?" Sauti ya Nassor iliwanyamazisha. Bi Shamsa jirani, ambaye hajapata kumsifu mtu aliye hai, alinambia, "Mwanao akiadhini hata mbuzi wangu wanatulia."

Kisha mama yako akafa. Wewe ulilia siku arubaini, ukarudi chuoni Nizwa kwa wenzako. Baba yako alibaki na kile chumba. Hakuwa akilala. Nilikuwa nikimsikia anatembea ukumbini, anafungua friji, anaifunga, hatoi kitu. Daktari akampa vidonge, navyo vikamfanya kinyume chake: ikifika alfajiri amelala kama gogo, hata ukimpigia sufuria sikioni. Mara mbili watu waliamka jua limeshachomoza. Mara ya tatu akapata hila. Akarekodi adhana kwa sauti yake mwenyewe kwenye simu, na kila siku baada ya Isha akawa anaiacha simu msikitini imeungwa waya kwenye spika, ametega alamu. Saa ikifika, simu inaadhini, yeye yumo kitandani. Na sauti yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikimwamsha! Akifika, safu zinapangwa, anaingia maji ya udhu yanamdondoka. Miezi mitano hakuna aliyejua.

Kisha ile siku. Saa ya alfajiri ilipofika, badala ya adhana, fidla. Fidla, kisha ganuni, kisha mwanamke wa Unguja anamlilia mpenzi aliyemwacha, kwa spika nne, Ibra nzima. Baba yako alitoka mbio bila kofia, vifungo vya kanzu wazi, miguu mitupu. Mpaka aufikie ule waya, yule mwanamke alikuwa ameshamaliza ubeti na watu wanakusanyika uani. Sheikh Hamed, mzee wa mtaa, akamuuliza mbele ya wote, "Nassor, nani ameweka mambo haya?"

Akasema, "Mimi."

Neno moja hilo. Wakamwondoa siku hiyo hiyo, wakamleta kijana wa Manah anayeadhini kama anamwita mtu wa ng'ambo ya barabara. Baba yako sasa anasali safu ya mwisho, karibu na viatu.

Wewe ulikuwa bwenini Nizwa. Mtu alikuwa amerekodi, na wenzako wakakuonyesha, wanacheka, wanakata viuno. Nafahamu kwamba ilikuuma. Alhamisi ukaja nyumbani, hukuvua hata abaya, ukamsimamia katikati ya ukumbi. "Baba, wewe mnafiki. Unawaamsha watu wakasali na wewe umelala. Umetuaibisha sisi na mama huko kaburini."

Unakumbuka alivyojibu? Alisema, "Kweli, mwanangu." Akavaa kofia akaenda shamba.

Na mimi unakumbuka nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye jamvi, nachambua tende. Nimeinamisha kichwa. Hukunitazama, na nikashukuru kwamba hukunitazama. Shikilia hapo, n'takuja.

Sasa nikuulize habari ya kile kitabu chako.

Tangu upate barua ya chuo cha Japani umekuwa ukitaka kuwajua watu wa huko, ukaleta riwaya yao iliyofasiriwa Kiarabu, na kila laasiri ukawa unanisomea, unanigeuzia kwa hicho Kiswahili chako cha kukanyagana, "mtawa ile imekwenda", "kengele wake". Sikukusahihisha, nilitaka kusikia. Hekalu la Mabudha juu ya mlima, theluji, watu wamenyoa vichwa, wanafagia majani ambayo kesho yataanguka tena. Na mtawa mmoja kazi yake kengele. Aipige alfajiri na jioni, basi. Ameapa mvinyo hataugusa. Na anaugusa. Anauficha kwenye kibuyu nyuma ya sanamu lao, tena nyuma ya lile sanamu hasa, mpumbavu, kama kwamba huko ndiko hakuna atakayetazama. Siku moja amelewa, anaipiga kengele usiku wa manane, kijiji kizima kinaamka kinadhani moto, mzee mmoja anateleza kwenye theluji anavunjika mguu. Wanamfukuza. Anashuka mlima na kandambili za majani.

Ulipofika mwisho ukakifunga kitabu. Ukasema, "Dhaifu huyu. Mimi ningemfukuza siku ya kwanza." Na ukautazama mlango wa chumba cha baba yako, ambao ulikuwa wazi, na yeye alikuwemo ndani, na ulijua.

Nilikuuliza, "Na yule mwanamke?"

"Mwanamke gani, bibi?"

Unaona? Hata hukumwona. Chini ya mlima kuna mwanamke anauza mvinyo. Kila siku ya kwenda kuchota maji mtawa anapita dukani kwake, naye anamjazia kibuyu. Anamjua ni mtawa, kichwa si kile, kinang'aa? Anamjazia, anakifunga kwa kitambaa ili kisigonge mawe kikasikika. Kitabu kizima kimempa mistari miwili. Na mtawa aliposhuka amefukuzwa, akapita pale, kitabu kinasema mwanamke alikuwa anafunga dirisha la duka. Basi. Amefunga dirisha. Wewe ukaendelea kusoma kama umesoma habari ya jiwe.

Mimi sikuweza kula siku ile. Ulidhani ni tumbo, ukanichemshia majani ya zaatari.

Raiya, aliyemwambia baba yako arekodi sauti yake ni mimi. Nilikuwa nimeona kwamba mara ya tatu watamwondoa, na mimi nilikuwa nimezoea kuwa mama wa muadhini. Nilipenda wanavyonipisha njia sokoni. Yeye alikataa. Alisema, "Mama, si sawa. N'tawaambia wazee naumwa, wanitafutie msaidizi mpaka nipone." Angesema hivyo, yote yangekwisha. Ni mimi niliyemkalia. "Utawaambia unaumwa nini? Usingizi? Watasema Mzinjibari mvivu. Sauti si yako? Basi!" Nilimkalia siku nne mpaka akakubali, ili ninyamaze.

Na ile taarab ni yangu.

Simu yangu ilikuwa imeanguka ndooni, unakumbuka. Dada yangu Thuwaiba wa Sur akaituma ile nyimbo kwa simu ya baba yako, "Mpe mama yako asikie." Baina ya Magharibi na Isha baba yako akanipa, nikaisikiliza mara sita. Nilikuwa sijaisikia tangu nina miaka kumi na tatu, nyumbani kwetu, santuri ilikuwa inakwaruza pale pale mwimbaji anapotaja jina. Nikaogopa itapotea. Nikabonyeza. Simu ikauliza kitu kwa Kiarabu, nikabonyeza. Ikauliza tena, nikabonyeza, kila kilichoandikwa nikakibonyeza, kumbe nimeiweka mahali pa adhana, nikamrudishia. Naye akaichukua akaenda kuitega msikitini.

Alfajiri nilikuwa jikoni nateleka chai. Fidla ikaja kupitia ukutani. Na wallahi, Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi. Kitambo kidogo tu, kama cha kufumba jicho, nilifurahi. Kisha nikafahamu. Nikatoka mpaka kwenye mlango wa uani, nikasimama nyuma ya ubao, nikasikia Sheikh Hamed anauliza nani ameweka mambo haya. Hatua kumi. Zilikuwa hatua kumi kutoka pale niliposimama. Nikasikia mwanangu anasema "Mimi", na nikarudi jikoni nikazima jiko.

Nimefunga dirisha, Raiya.

Usidhani ilikuwa mara yangu ya kwanza. Mwaka nilioletwa hapa ni bibi harusi, Kiarabu changu cha chuo cha Kurani tu, cha kusoma bila kufahamu, na mama mkwe ananitazama mikono. Ikaja Idi, ikaja shuwa, nyama ya kuoka shimoni. Sisi Unguja hatukuwa tukizika nyama chini ya ardhi. Wakanipa mfuko wetu wa makuti nifunge, ushuke shimoni pamoja na ya mtaa mzima. Walinambia nifunge kwa ukindu uliolowekwa. Mimi niliona ukindu ule mchafu, na nilikuwa na kamba ya nailoni ya buluu, nzuri, nimeletewa kutoka Maskati. Nikafungia ile. Nilitaka mfuko wetu upendeze!

Siku ya pili shimo likafunuliwa, kila nyumba ikatoa mfuko wake, sisi tukatoa makuti matupu. Nailoni imeyeyuka, nyama imemwagika kwenye makaa, ya nyumba nzima, ya wageni. Mama mkwe akamgeukia Moza, mke wa shemeji yangu, mtoto wa Izki. "Umefunga kwa kitu gani wewe?" Maana Moza ndiye aliyefunga kila mwaka. Moza akanitazama. Mimi nikatazama kucha zangu. Akatukanwa yeye na ukoo wake mpaka Izki, akala Idi yake jikoni.

Nikajiambia ni nyama tu.

Miaka thelathini baadaye, mimi na Moza tumeshakuwa vibibi, tunachuna limau pamoja, nikamwambia ghafla, "Moza, ile kamba ilikuwa yangu." Hakusimamisha hata kisu. Akasema, "Najua. Nilikuona unafunga. Nilikuwa nakungoja."

"Miaka yote hii?"

"Ulikuwa na kazi nyingi," akanambia, na akacheka, yule Moza, meno mawili yamebaki. Akafa mwaka ule ule. Mimi nikaona deni limekwisha, nimejua, nimekuwa mtu mzima. Kumbe sikujifunza kitu. Mara ya kwanza nilinyamaza roho inanidunda. Hii ya juzi nilinyamaza nikaenda kunywa chai.

Na uliponyanyua kidole ukamwita baba yako mnafiki, nilinyamaza tena. Ndiyo maana nina hasira nawe, na nina hasira na nafsi yangu nikikutazama, kwa sababu ulisema ukiwa umekosea mtu, na mimi niliyejua nilikuacha ukosee. Lakini usijifiche nyuma yangu. Hukujua habari ya taarab, sawa. Habari ya vidonge ulijua. Habari ya mama yako ulijua. Ulimwona baba yako amekonda shingo mpaka kanzu inamzunguka, na hukuuliza, ulisubiri akosee ndipo ukamtazama.

Sasa sikia nilichofanya leo.

Leo Jumatano, soko la wanawake. Nimekwenda nikakaa pale kwa Bi Shamsa anapouza udi na hina. Yule mnene wa vitambaa, ambaye mwezi na nusu kila nikipita ananitupia neno, akanitupia tena, "Ya Zuwena, Ijumaa mtatuimbia nini?" Wakacheka. Nikasimama. Nimesema kwa Kiarabu changu kibovu, kwa sauti, mpaka wauza mbuzi wa nje wakasikia. "N'tawaimbia mimi. Ile taarab ilikuwa yangu. Niliibonyeza mimi, na hila ya simu nilimfundisha mimi, na mwanangu amenibebea. Haya chekeni!"

Baadhi walicheka. Ulitaka niseme walilia? Walicheka. Bi Shamsa hakucheka. Alinisukumia kikombe cha kahawa, na tende moja juu yake, akaendelea kupima udi.

Kutoka pale nikaenda kwa Sheikh Hamed, nikamwambia yale yale. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Akasema, "Umefanya vyema kusema, mama. Lakini Nassor alikuwa amelala." Nikasema, "Na wewe ulikuwa macho, na hukupata kumuuliza kwa nini halali." Nikainuka. Nikamwachia mlango wazi. Hawatamrudisha, Raiya. Sikudanganyi. Kijana wa Manah atabaki, na pengine ndiyo sawa, maana baba yako kweli alikuwa amelala, na kweli aliwahadaa miezi mitano. Sikwambii hana kosa. Mtawa naye alikunywa. Nakwambia si peke yake aliyekuwa na kosa, na peke yake ndiye aliyelibeba.

Mwisho nikaenda shamba. Nikamkuta anasafisha mfereji. Nikamwambia, "Nassor, ile ilikuwa mkono wangu."

"Najua, mama. Nani mwengine Ibra nzima anaisikiliza nyimbo ile? Ulikuwa ukiiimba ukinilaza."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, kwamba mama yangu hajui simu?" Na akacheka! Mara ya kwanza tangu tumzike mama yako, nimemwona akicheka, amesimama kwenye tope mpaka vifundoni. Mimi nikalia kama mjinga. Kisha akaniambia, "Raiya usimwambie."

Nikasema, "Kwa nini?"

"Anakwenda mbali. Akiondoka na hasira nami hatonikumbuka sana, hatopata tabu. Mwache aende hivyo hivyo."

Umemsikia? Mwezi na nusu unampita kama kabati, naye anapiga hesabu asikuumize kwa kukuhitaji. Nyinyi wawili mna vichwa vya aina moja, vigumu, na mmevirithi kwangu, na leo nimechoka navyo. Sijamtii. Mimi ni mama yake, simtii.

Huko unakokwenda utakuwa dhaifu. Sijui kwa kitu gani. Mimi yangu ilikuwa kupenda kupishwa njia, ya baba yako ni usingizi, yako naona ni hii ya kuwa safi kuliko watu. Utaamka siku moja katika kile kijumba chao cha mbao umefanya jambo ambalo ungemfukuzia mtu siku ya kwanza. Utataka kumpigia simu mtu ambaye ameshapita pale. Mimi sijui n'takuwa hai. Baba yako atapokea, hata saa gani, huyo halali. Lakini hutompigia kama umeondoka hivi, nakujua, utaona haya, na haya ikikaa mwaka inakuwa mazoea, na mazoea yakikaa unakuwa mimi nyuma ya mlango.

Bado kuna muda mpaka Magharibi. Zamu yetu ya maji ya falaji, ule mfereji wa mtaa, ni leo, yuko shamba anafungulia mitende ya upande wa chini, peke yake. Weka barua hii. Mpigie Khalfan, mwambie kesho asije, na usimpe sababu, ile ya gari imetosha. Acha sanduku kama lilivyo. Nenda shamba kwa miguu, mpe baba yako shikamoo, umbusu kichwa, na umwambie yeye ndiye atakayekupeleka Maskati kesho. Usimpe hotuba, Kiswahili chako hakitoshi. Akisema "usijali", usimwitikie; chukua koleo mkononi mwake uzibe mfereji mwenyewe, na mrudi nyumbani pamoja.

Toka. Nakuangalia kupitia dirishani.

Bibi yako,
Zuwena